John Rowlands wa Llys: baba wa Bula Matari katika madaftari ya Wales

Katika Kongo, jina Bula Matari halihitaji kuelezwa kwa urefu. Watu wa Kongo ya Chini walimpa Henry Morton Stanley jina hilo katika miaka ya 1879 na 1880, alipokuwa akipasua mawe ili kufungua njia penye kituo cha Vivi. Maana yake ni mvunja-mawe. Baadaye jina lilimwacha mwenyewe likaishika serikali: mtoza kodi, askari, msimamizi wa barabara, wote walikuwa Bula Matari. Lililo mbali na masikio ya wengi ni jina alilokuwa nalo mtu huyo kabla ya kuitwa Stanley. Aliitwa John Rowlands, na hakuliokota jina hilo njiani. Lilikuwa jina la baba yake, au angalau la mwanamume aliyeandikwa kanisani kuwa baba yake, mwana wa mkulima katika bonde la Clwyd, kaskazini mwa Wales.

Waandishi wa maisha ya Stanley humpitia mwanamume huyo kwa sentensi mbili tatu, kama mtu avukaye kijito akienda mtoni. Makala haya yanakaa naye kidogo. Yanauliza aliishi mpaka lini, na ni nani aliyemfupishia maisha.

Maelezo ya kwanza yanatoka kwa mwana mwenyewe. Stanley alianza kuandika kisa cha maisha yake katika miaka yake ya mwisho, asikimalize. Mjane wake, Dorothy, alikitoa kitabuni mwaka 1909, miaka mitano baada ya kifo cha mumewe. Humo Stanley anasema kwamba hakumjua baba yake kamwe, na kwamba alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miaka kumi na kitu alipopata kujua kuwa baba huyo alikufa majuma machache tu baada ya yeye kuzaliwa. Kwa kuwa alizaliwa mjini Denbigh tarehe 28 Januari 1841, hesabu hiyo inamweka baba kaburini kabla mwaka ule haujafika nusu.

Madaftari yanasema vingine. Wachunguzi waliopekua kumbukumbu za Denbighshire katika karne ya ishirini walikuta kwamba John Rowlands wa Llys alifariki mwaka 1854, akiwa ameharibiwa na pombe. Maisha yake yalikuwa mafupi kweli, kwani alitangulia kufa kabla ya mzee wake; lakini hayakuwa mafupi kama mwana alivyoyaandika. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imefutwa. Kwa muda huo wote baba na mwana waliishi katika bonde moja, mmoja shambani Llys, mwingine kwanza chini ya kuta za ngome ya Denbigh, kisha katika nyumba ya maskini ya St Asaph.

Kumfuata mtu wa namna hiyo katika maandishi ya Wales si kazi nyepesi, na ugumu wa kwanza ni jina lenyewe. Zamani Wawelisi hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake, likifuatwa na jina la baba, na katikati likawekwa neno ap, au ab mbele ya irabu, ambalo ni kifupi cha mab, yaani mwana. Kwa mwanamke lilitumika ferch, yaani binti. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba huu ni utaratibu wa bin na binti, wala hahitaji kuelezwa kwamba katika utaratibu huo jina hubadilika kila kizazi: Rowland mwana wa John humzaa John mwana wa Rowland. Makarani wa Kiingereza walipodai kila mtu awe na jina moja lisilobadilika, majina yaliganda pale yalipokuwa. Ap Harri likawa Parry, ap Rhys likawa Price, ap Huw likawa Pugh, ab Owen likawa Bowen. Mahali pengine iliongezwa s tu mwishoni, kwa maana ya umilikaji: Jones, Roberts, Williams, Rowlands. Maisha ya utotoni ya Stanley yamejaa mifano ya hali hiyo. Mama yake alikuwa Elizabeth Parry; watu waliopewa kumlea kwa malipo baada ya kifo cha babu mzaa mama walikuwa Richard na Jenny Price; baba alikuwa Rowlands. Majina matatu, na yote matatu ni bin fulani aliyesahauliwa.

Kwa kuwa majina ya Kikristo yaliyotumika yalikuwa machache, na majina ya ukoo yalitokana na hayo hayo machache, tokeo lake ni msongamano. Anayetafuta John Jones wa Wales amekwisha kupotea kabla hajaanza. John Rowlands ni nafuu kidogo, nafuu ya mtu aliyetolewa msituni akaachwa kichakani. Hata jina la mwana lenyewe haliwezi kumtofautisha na baba, wala baba na babu, kwa maana babu mzaa baba naye aliitwa John Rowlands. Watu watatu, vizazi vitatu, jina moja, bonde moja.

Wawelisi walilijua tatizo hilo kabla ya wachunguzi, wakalitatua kwa mdomo. Mtu aliitwa kwa kazi yake, kwa umbo lake, na hasa kwa shamba lake. Jina la shamba ndilo lililofanya kazi ya jina la ukoo. Kwa hiyo neno Llys katika habari hii si anwani ya kupambia sentensi. Katika Kiwelisi llys ni baraza au makao ya mtawala, na mashamba kadha wa kadha yanaitwa hivyo. Lakini ukilitia pamoja na parokia ya Llanrhaeadr-yng-Nghinmeirch, kusini mwa Denbigh, linabaki shamba moja na nyumba moja. Llan ni eneo la kanisa, na rhaeadr ni maporomoko ya maji. Ni sadfa tu kwamba mtu ambaye jina lake lilibandikwa kwa miaka mingi juu ya maporomoko ya Boyoma alikuwa na baba wa parokia yenye neno hilo ndani ya jina lake. Wasomaji wa Kisangani hata hivyo watalipima wenyewe.

Daftari lililo muhimu kuliko yote ni la ubatizo. Sheria ya mwaka 1812 iliwalazimisha makasisi wa kanisa la serikali kutumia vitabu vilivyopigwa chapa, vyenye safu za tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, makao, kazi ya baba na sahihi ya aliyebatiza. Mtoto wa Elizabeth Parry alibatizwa tarehe 19 Februari 1841 katika kanisa la St Hilary, karibu na ngome, ambalo leo umebaki mnara wake peke yake. Kasisi aliandika kwamba mtoto ni wa haramu, kwamba baba ni John Rowlands wa Llys, Llanrhaeadr, na mama ni Elizabeth Parry wa mtaa wa ngome, Denbigh. Safu ya makao, ambayo watunga sheria waliiweka bila shaka kwa ajili ya utaratibu tu, ndiyo inayomwokoa mtafiti: bila neno Llys, baba huyo angekuwa John Rowlands yeyote. Na hata kitabu hicho kama kingeungua, parokia zilikuwa na wajibu wa kumpelekea askofu nakala ya maandishi ya kila mwaka; nakala za jimbo la St Asaph zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales, mjini Aberystwyth. Ni shahidi wa pili, aliyeandika chini ya mkono wa wa kwanza, mwenye makosa yake mwenyewe.

Yafaa kukumbusha kwamba serikali nayo ilikuwa imeanza kuandikisha vizazi na vifo tangu tarehe 1 Julai 1837. Lakini mpaka sheria ya mwaka 1874 mzazi asiyepeleka habari ya mtoto hakuwa na faini ya kuogopa, na watoto wengi, hasa wa nje ya ndoa, hawakuandikwa. Kwa miaka ile ya kwanza kitabu cha kanisa kina uzito kuliko cha serikali. Wasiwasi wa upande mwingine ni kwamba Wawelisi wengi walikuwa wameliacha kanisa la serikali na kusali katika vikanisa vyao vya Kimethodisti, Kibatisti na vinginevyo, ambavyo maandishi yao hayakutunzwa kwa usawa. Katika kisa hiki, bahati ilikuwa upande wa mtafiti.

Je, kasisi aliandika kweli? Kitabu cha ubatizo hakithibitishi damu. Kinathibitisha kwamba siku fulani mtu fulani alisema neno fulani mbele ya kasisi. Hapa sheria ya maskini inasaidia kupima. Kabla ya mwaka 1834 parokia zilikuwa na hamu kubwa ya kumjua baba wa mtoto wa haramu, kwa sababu yeye ndiye aliyedaiwa gharama. Wasichana walihojiwa, na wanaume walitia sahihi hati za kuahidi malipo. Hati hizo ni hazina kwa wanaotafuta nasaba. Sheria mpya ya mwaka 1834 iliuelekeza mzigo kwa mama, ikawa vigumu sana kumdai baba, na mama hakupewa haki ya kumshitaki mwenyewe mahakamani mpaka mwaka 1844. Mtoto wa Denbigh alizaliwa katikati ya miaka hiyo kumi. Hakuna aliyekuwa na faida kubwa ya fedha katika kumtaja baba, na kwa hiyo hakuna sababu ya wazi ya kumtaja asiyehusika.

Hoja hiyo ina upande wa pili. Wako waandishi wanaodai kwamba baba halisi alikuwa James Vaughan Horne, wakili wa mjini Denbigh, mtu mwenye mke na cheo, na kwamba jina la mlevi wa Llys lilitumiwa kama pazia. Yawezekana. Msichana aliyekuwa hajafikisha miaka ishirini, binti wa mchinjaji, hakuwa na nguvu ya kumtaja wakili hadharani. Lakini dhana hiyo inategemea uvumi wa mji na mwelekeo wa watu kumtafutia mtu mashuhuri baba anayemfaa. Akili ya Stanley inasemwa kuwa haikuweza kutoka kwa mlevi. Huo si ushahidi, ni chuki kwa wakulima. Mpaka itokee karatasi nyingine, mwenye haki katika daftari ni John Rowlands.

Baada ya ubatizo baba huyo anafifia, na namna anavyofifia inastahili kuangaliwa, kwa sababu ndivyo walivyofifia maelfu ya wana wa wakulima wa Wales. Sensa ilifanyika tarehe 6 Juni 1841, mtoto akiwa na miezi minne. Lakini sensa hiyo ni maskini wa habari: umri wa watu wazima ulipunguzwa mpaka kwenye tano ya chini, hivi kwamba mtu wa miaka 29 anaonekana wa miaka 25, uhusiano wa wakazi wa nyumba haukuandikwa, na kuhusu mahali pa kuzaliwa liliulizwa hasa kama mtu alizaliwa katika kaunti hiyo au la. Wanaume wawili wenye jina moja chini ya paa moja huenda wakawa baba na mwana, au mjomba na mpwa, au bwana na mtumishi. Sensa ya tarehe 30 Machi 1851 ndiyo iliyoongeza uhusiano na parokia ya kuzaliwa. Kwa familia zilizompoteza mtu katikati ya sensa hizo mbili, hasara haina dawa. John Rowlands, kwa kufa mwaka 1854, aliipita ya pili kwa miaka mitatu.

Ramani za zaka zinaahidi zaidi ya zinavyotoa. Sheria ya mwaka 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa fedha, na kwa ajili hiyo kila parokia iliyohusika ilipimwa: shamba baada ya shamba, jina la kila kipande, ukubwa wake, mwenye ardhi na mkaaji. Leo ramani za Wales zinaweza kusomwa bure katika tovuti ya Maktaba ya Taifa. Wakulima wengi wa Wales walikuwa wapangaji, kwa hiyo safu ya mkaaji ndiyo ya kuangaliwa. Lakini mkaaji ni mwenye mkataba, yaani baba. Mwana anayelima, anayechunga na kuvuna katika shamba la baba yake hana mstari wake. Akifa kabla ya kurithi mkataba, kazi yote ya mikono yake inabaki chini ya jina la mwingine, na kama jina ni lile lile, hata pengo halionekani.

Hivyo hivyo kwa wasia. Kabla ya mwaka 1858 wasia ulithibitishwa na mahakama za kanisa, na zile za Wales, zaidi ya 190,000, ziko Aberystwyth na zimewekwa wazi kwa kila msomaji. Mwana asiye na mali haachi wasia. Huweza tu kutafutwa katika wasia wa baba yake, ambamo, akiwa ametangulia kufa, huonekana kwa kutokuwapo: ndugu zake wanatajwa mmoja mmoja, na yeye hatajwi.

Inabaki cheti cha kifo. Hapa panahitajika tahadhari ambayo wengi huisahau. Katika Uingereza na Wales cheti cha karne ya 19 kinaonyesha tarehe, mahali, jina, umri, kazi, sababu ya kifo na mtoa habari. Lakini kwa mtu mzima hakitaji baba wala mama. Cheti cha John Rowlands peke yake hakiwezi kusema ni mwana wa nani. Linalokiunganisha na rejista ya mwaka 1841 ni makao, kama vile kitabu cha mazishi nacho kilivyotaka makao yaandikwe kando ya jina. Mwaka 1841 alikuwa wa Llys. Kwa njia hiyo ndivyo anavyotambuliwa na mwaka 1854. Shamba lilimshuhudia mara mbili, mara ya kwanza kama baba, mara ya pili kama maiti.

Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo, akisoma katika nyumba ya maskini ya St Asaph, alikopelekwa tarehe 20 Februari 1847. Alitoka humo mwaka 1856. Katika kitabu chake anasimulia kwamba alikwenda Llys kumtafuta babu yake, mkulima mwenye uwezo, akamkuta, akajitambulisha, naye mzee akamwambia arudi njia aliyokuja nayo kwa kuwa hana la kumpa. Kisa hicho kina ubaridi wa kweli. Hata hivyo wachunguzi wamejifunza kutomwamini Stanley kwa neno lake tu. Lililo wazi ni hili: kijana aliyesimama mlangoni pa Llys mwaka 1856 alisimama penye nyumba iliyokuwa imemzika mwana wake miaka miwili tu iliyopita. Kama alikuwa na baba wa kumuuliza, amechelewa kwa miezi, si kwa miaka kumi na mitano.

Kutokana na tarehe hizo inawezekana kufikiri jinsi kosa lilivyozaliwa. Stanley anasema habari ya kifo ilimfikia akiwa na miaka kumi na kitu. Hiyo inapatana kabisa na mwaka 1854. Basi yaelekea habari yenyewe ilikuwa ya kweli, na ilifika kwa wakati wake. Kilichobadilika ni tarehe. Labda jamaa walimwambia hivyo ili asiulize kwa nini baba aliyekuwa hai hakuja kumtazama katika nyumba ya maskini. Labda alijiambia mwenyewe. Baba aliyekufa mapema hana lawama, wala mwana wake hakuachwa, amefiwa tu.

Dhana hiyo ya pili inapata nguvu katika sura nyingine ya kitabu hicho hicho. Stanley anaeleza kwamba alipofika New Orleans alipokewa na mfanyabiashara, Henry Hope Stanley, akafanywa mwana na kupewa jina, kisha baba huyo mpya akafariki mwaka 1861. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za Louisiana walikuta kwamba Henry Hope Stanley aliishi mpaka mwaka 1878. Baba wawili basi, mmoja wa damu na mmoja wa jina, na kila mmoja ameuawa kwa kalamu kabla ya siku yake: wa kwanza kwa miaka kumi na mitatu, wa pili kwa miaka kumi na saba. Kosa moja laweza kuwa la kumbukumbu. Mawili yenye umbo moja ni vigumu kuyaita hivyo.

Hata hivyo alijua jina lake. Mwezi wa Desemba 1866, akiwa amerudi kutoka Marekani, alitia sahihi katika kitabu cha wageni cha ngome ya Denbigh, akajiandika John Rowlands, wa zamani wa ngome hiyo, sasa afisa wa jeshi la majini la Marekani. Cheo kilikuwa cha uongo, jina lilikuwa la kweli. Miaka sita baadaye, alipokuwa amerudi na sifa ya kumkuta Livingstone, na jamaa zake wa Wales wakaanza kuzungumza na waandishi, alikana kuwa Mwelisi akajiita Mmarekani. Mwaka huo huo wa 1872 kilichapishwa London kitabu kuhusu maisha yake kilichotaja kuzaliwa kwake Denbigh, naye akakipinga.

Alifariki tarehe 10 Mei 1904, akazikwa Pirbright, kusini mwa London, chini ya jiwe kubwa lisilochongwa. Juu ya jiwe hilo yaliandikwa majina mawili, miaka miwili na neno moja: Henry Morton Stanley, Bula Matari, 1841–1904, Africa. Jina alilopewa kwa kuvunja mawe ya Vivi limo. Jina la Llys halimo.